Kitanda Kiitwacho Mkwe

Mashine mbovu siiogopi. Mashine mbovu inakoroma, inatoa harufu, inakataa kuwaka, nawe unaiitia fundi. Ninayoiogopa ni mashine isiyokosea hata siku moja, na kitanda chetu kilikuwa hakijakosea tangu kifungwe.

"Karibu, mama Zamda," kitanda kilisema kwa sauti yake laini ya kike. "Lala chali. Weka visigino kwenye vishikio. Umekunywa maji?"

"Nimekunywa," Bi Zamda akajibu huku akitazama dari.

"Asante."

Godoro likaanza kumsoma. Chini ya kitambaa chake cheusi kulikuwa na vihisio maelfu, vinavyosikia uzito, joto, pumzi na mapigo ya moyo. Likamsogeza kiuno kulia kwa kiasi cha punje ya mchele, likamwinua goti la kushoto kidogo, likatulia. Ukutani ikachoreka nyonga yake: mifupa kwa rangi nyeupe, kizazi kwa zambarau, utumbo kwa njano, na mbele kibofu cha mkojo cha bluu, kimejaa vizuri, kimeusukuma utumbo mbali na njia ya mionzi. Ukingo wa picha ukageuka kijani. Kijani maana yake piga.

Nikatoka, mlango mzito ukajifunga nyuma yangu, nikapiga mionzi. Roho ilikuwa haijatulia, na sikujua kwa nini.

Naitwa Asumini Chilumba, mtaalamu wa tiba ya mionzi katika kituo cha Kilimahewa. Watu hudhani kazi yangu ni mionzi. Mionzi inajipiga yenyewe. Kazi yangu ni kulaza: kumlaza mwanamke leo palepale alipolala jana, na kesho palepale alipolala leo, mpaka amalize dozi. Saratani ya mlango wa kizazi imepanga nyumba moja na majirani wasiotulia. Kibofu kipo mbele, njia ya haja kubwa nyuma, utumbo juu. Kibofu kikijaa, kizazi kinainuka na utumbo unapanda, unasalimika. Kibofu kikiwa kitupu, kizazi kinainama mbele, kinatoka tunapolenga, na utumbo unateremka kukaa mahali pake. Hapo unamuunguza mtu pazuri na kumwacha pabaya. Ndiyo maana tunawaambia wanywe maji, wakae saa nzima bila kwenda haja ndogo, halafu waje kulala.

Zamani tuliwachora alama za wino nyongani na kuwapiga picha ya ndani kila asubuhi kabla ya dozi. Kitanda kilipokuja tukaambiwa hayo yote ni ya kale. Hiki kinaona ndani bila picha, na kwa siku kinalaza wanawake mara tatu ya tuliowalaza sisi. Foleni iliyokuwa ya miezi ikawa ya wiki, na hilo silikatai, limeokoa watu.

Wagonjwa walikibandika jina la Mkwe. Mbele ya Mkwe unalala umenyooka, hucheki, hujikuni, na akikuuliza swali unamjibu lile analotaka kusikia.

*

Shaka ilinijia kwa njia ya choo.

Mwezi wa Shabani, ukumbi wa wagonjwa wetu haukukalika kwa vurugu. Mwanamke aliyelala robo saa na kibofu kimejaa hatoki chumba cha mionzi kwa mwendo wa heshima. Anatoka mbio, kanga mkononi, na akikuta choo kina mtu anagonga mlango na kutoa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilikwisha kuzoea kelele hizo.

Ramadhani ikaingia, ukumbi ukapoa. Wanawake walishuka kitandani, wakajifunga kanga zao taratibu, wakaaga, wakaenda zao. Choo kilikaa wazi asubuhi nzima. Mfagizi akanitania kwamba sasa anapata mshahara wa bure.

Niliwatazama midomo. Ilikuwa imekauka, na pembeni ina weupe. Nikatazama skrini. Bluu, imejaa. Mwanamke aliyefuata, bluu, imejaa. Baada ya dozi akashuka, akakaa kwenye benchi, akaanza kusuka nywele za mwenzake, na wala hakuonyesha haraka ya kwenda popote.

Juma lile wawili walilalamika tumbo la kuhara, na Bi Zamda akawa wa tatu. Daktari aliandika dawa. Kuhara kidogo ni kawaida ya mionzi, alisema, na alisema kweli. Lakini mimi nilikuwa nimeshaingiwa na mdudu wa shaka.

Bi Zamda si mgonjwa wangu tu. Ndiye somo wangu. Nilipovunja ungo ndiye aliyenifunda, akanikalisha ndani, akanifundisha usafi, adabu na namna ya kuishi na mwili huu. Mpaka leo ananiita mwali, ingawa nina watoto wawili na mvi za kuficha. Kwa hiyo sikumuuliza mbele ya watu. Nilimfuata chumba cha kubadilishia nguo, nikashusha pazia.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwali wangu. Mbona umenishushia pazia kama unanidai?"

"Somo, umefunga?"

Akaendelea kukunja kanga. Aliikunja mara mbili zaidi ya inavyokunjwa kanga.

"Mwezi huu nani hafungi?" akasema.

"Mgonjwa hafungi. Umenifundisha wewe mwenyewe, na hukumu yake unaijua kuliko mimi. Na kitanda kikikuuliza maji unasema umekunywa."

"Kitanda kina haki gani ya kuniuliza? Mungu ndiye sitamdanganya. Yule Mkwe wenu ni godoro."

Niliketi. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu, na vyote viwili vilinijia kwa pamoja hata sikujua nianze na kipi.

"Basi kunywa humu humu, somo. Nitakuletea kikombe, hakuna atakayekuona."

"Nijifiche chooni na kikombe kama mtoto mwizi, kisha nirudi nyumbani nikae kwenye futari na wenye saumu zao? Nina miaka sitini na minne, Asumini. Ama nimefunga ama sikufunga."

Kisha akaniambia lililobaki, kwa sauti ya chini. Kwao hakuna anayejua. Alipoanza kutoka damu tena, umri wake ule, aliosha nguo zake mwenyewe usiku. Mwanawe Mahadhi, anayeswalisha msikitini, anaamini mama yake huja mjini kukandwa mgongo. Wakwe zake wawili wanapika naye jiko moja. Mwanamke kijana akionekana anakunywa maji mchana hakuna wa kumuuliza, kila mtu anajua ana udhuru wake wa mwezi. Mzee kama yeye akionekana, wataulizana mpaka wajue.

"Na wengine?" nikauliza. "Wote wamefunga?"

"Kila mtu na nyumba yake. Wewe funika, mwali. Hilo nilikufundisha kabla ya mengine yote."

Kwenye mkono wake wa kushoto bangili nyeupe ya kituo ilikuwa ikiwaka taa ndogo. Kila mgonjwa anavishwa siku ya kwanza. Matibabu yanalipwa na taifa, na taifa lina masharti, kunywa maji likiwa mojawapo. Ukivunja sharti, bangili inampelekea ujumbe mtu wako wa karibu, ukitaja ugonjwa wako na kosa lako, na nafasi yako anapewa aliyeko nyuma yako. Mtu wa karibu wa Bi Zamda aliandikwa Mahadhi.

*

Mhandisi Lwitiko, kijana wa Rungwe mwenye kucheka upesi, ndiye aliyetunza kitanda. Nilimkuta amejilaza chini yake na tochi mdomoni.

"Mhandisi, hivi kitanda chako kinajuaje kibofu kimejaa?"

Akatoa tochi. "Kinajua, dada Asumini. Uzito, joto la tumbo, mtetemo wa mapigo ya moyo ukipita kwenye maji. Vinajumlishwa vyote."

"Na lile swali? Kwa nini kinauliza?"

"Adabu tu. Na linasaidia hesabu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Hapo hakucheka. "Hakuna anayejua kiasi gani. Kilijifunza chenyewe. Walilala juu yake wanawake wengi huko kilikotengenezwa, kikauliza, wakajibu, kisha wakapimwa kweli kweli. Kikajifunza kukadiria. Kwa nini? Una mgonjwa ambaye kimemkosea?"

"Nikisema ninaye?"

"Nitajie. Nitaingiza jina lake, tutamrudia kumpima. Kama kuna kosa tutalikuta."

"Ukiingiza jina, bangili itafanya nini?"

Akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Kama mgonjwa ndiye aliyevunja sharti, bangili itatuma. Hilo si langu, linaenda lenyewe."

Nikamwambia nitafikiri. Usiku ule nilifikiri kweli, nikaona nimebanwa. Nikinyamaza, wanawake wote waliofunga wataendelea kulazwa kwa kubahatisha, utumbo wao uungue, saratani ibaki inakula. Nikimtaja mmoja, nimemvua nguo mbele ya mwanawe. Na aliyenifundisha kufunika ndiye ninayetakiwa kumfunua. Niliona uchungu, na niseme wazi kwamba kwa saa kadhaa nilimchukia Bi Zamda kwa kunipa siri yake.

Karibu na daku ndipo nilipokumbuka kwamba hata mimi nina kibofu.

*

"Unataka kulala wewe?" Daktari Ndimbo, mkuu wa kituo, alinitazama juu ya miwani. Ni mama mrefu, mkavu, asiyependa kushtukizwa. Nilikuwa nimekataa chai yake muda si mrefu, kwa hiyo alijua nimefunga.

"Mionzi ifungwe, ufunguo ukae kwako, daktari. Nalala kama mgonjwa wa majaribio. Nataka wewe na mhandisi mtazame."

Nilipita chooni kwanza. Kisha nikatoa kabatini altrasaundi ya zamani, kile kipimo cha mkononi walichokuwa wakipimiwa kina mama wajawazito kabla ya jengo lao kuhamishwa. Nikamkabidhi Lwitiko. Nikapanda, nikalala chali, visigino kwenye vishikio. Kwa miaka yote niliyowalaza wanawake wenzangu sikuwahi kujua dari ile ina ufa, wala godoro lile lina ubaridi wa namna ile mgongoni.

"Karibu, mama," kitanda kikasema. "Umekunywa maji?"

Tangu daku sikuwa nimetia tone mdomoni.

"Nimekunywa," nikasema.

"Asante."

Kikanisoma. Kikanisogeza kiuno kwa upole, na lazima nikiri kilinisogeza vizuri kuliko ambavyo ningemsogeza mtu mimi. Ukutani nikachoreka. Kibofu changu kilikuwa cha bluu, kimejaa, kizuri kabisa. Kijani.

"Sasa pima," nikamwambia Lwitiko.

Akanipaka jeli, akaweka kipimo chini ya kitovu, akakisogeza huku na huku. Kwenye kioo kidogo cha altrasaundi palikuwa na mkunjo mwembamba, basi. Kibofu kitupu. Na utumbo, ule ambao ukutani ulikuwa juu na salama, ulikuwa umejilaza palepale ambapo mionzi ingepita.

Lwitiko akatazama ukuta, akatazama kioo, akatazama ukuta tena.

"Hakioni," akasema. "Kimewahi kuona? Kibofu ndicho kigumu kukadiria. Wanawake wale walisema wamekunywa, na kweli walikuwa wamekunywa. Kikaona neno linatosha. Uzito, joto, mapigo, vyote kikaviacha, kikashika neno. Kilifundishwa na watu waliosema kweli."

"Kwa hiyo ile picha ni nini?" Daktari Ndimbo akauliza.

"Ni mchoro wa kile tulichokiambia, daktari."

Daktari akavua miwani. Alionekana mzee ghafla, na nilimwonea huruma, maana hesabu iliyokuwa ikipita kichwani mwake niliijua. Ni wangapi, tangu lini, na saratani ya nani itarudi.

"Umejuaje, Asumini?" akauliza. "Nani amekwambia wanafunga?"

"Choo," nikasema.

Alisubiri niongeze. Sikuongeza. Akarudisha miwani, akatoa amri: kitanda kiendelee kulaza mifupa, maana hilo kinaliweza, lakini habari za ndani kisiaminiwe tena. Kuanzia kesho kila mgonjwa atapimwa kwa altrasaundi kabla ya kulala.

"Na atakayekutwa kibofu kitupu?" nikauliza nikifuta jeli.

"Sheria si yangu. Bangili itafanya kazi yake."

Nilijiona mwerevu kwa nusu saa tu. Nilikwepa kutaja jina moja, nikawa nimeyataja yote.

*

Asubuhi nilifika kabla ya wagonjwa. Walipokuja niliwaeleza wazi, wamekaa kwenye benchi. Nikawaambia Mkwe haoni. Anasikiliza tu. Nikawaambia altrasaundi inaona, na haiulizi. Nikaweka mtungi wa maji na vikombe mezani.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja alitazama mtungi, akatazama mlango, akatazama chini. Niliona wazi kila mmoja anawashuku wenzake, nani atakayekunywa kwanza na nani atakayekwenda kulisema sokoni.

Nikapiga magoti mbele ya Bi Zamda. "Somo, nimeshindwa kufunika. Nisamehe. Nikikupima ukiwa hivi, bangili itamwambia Mahadhi."

Sikujua anafikiri nini, na niliogopa atasimama aondoke, na akiondoka ndiyo basi, sitamwona tena mpaka msibani.

Akanyanyua mkono wa kushoto, akaileta ile bangili karibu na mdomo.

"Niitie Mahadhi," akaiambia.

Ikaita. Ukumbi mzima ukamsikia mwanamume akisema, "Asalaam aleikum, mama. Umeshakandwa? Mgongo vipi?"

"Waaleikum salaam. Mahadhi, mgongo wangu mzima. Nina saratani."

"Saratani ya nini, mama?"

Wanawake wote waliinamisha vichwa. Bi Zamda peke yake ndiye aliyekaa wima, mgongo umenyooka.

"Ya kizazi," akasema. "Humo ulimolala wewe miezi tisa. Napigwa mionzi, tangu mwezi uliopita. Na maji sinywi kwa sababu nimefunga, na bila maji dawa inaunguza pasipostahili."

"Na kwa nini ufunge, mama? Nani alikuambia ufunge na hali hiyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilitaka mwezi mmoja tu niwe mzima kama watu wengine."

Tukamsikia akipenga kamasi.

"Kunywa maji, mama," hatimaye akasema. "Kunywa. Nakuja kukuchukua."

Bi Zamda akashusha mkono. Alikuwa analia bila sauti, na mimi nilikuwa nalia kwa sauti, na sioni haya kusema.

"Lete hayo maji," akaniambia, "kabla sijabadili nia."

Akanywa kikombe cha kwanza bila kupumzika. Akanywa cha pili. Mwanamke wa pembeni yake akanyoosha mkono kwenye mtungi, kisha wa pili yake. Wawili hawakunyoosha. Nao sikuwalaumu, nikawaombea kwa Daktari Ndimbo wapewe saa ya baada ya futari, akakubali kwa kunung'unika. Kwa nini hatukufikiria hilo tangu mwanzo, sijui. Tulikuwa na kitanda kisichokosea, na mwenye kitanda cha namna hiyo haulizi watu wanaishije.

Baada ya saa moja nilimpandisha Bi Zamda. Dozi zilizopita hazirudi. Daktari atapanga upya kila kitu, na kama tumewahi au tumechelewa, hakuna kati yetu anayejua.

"Karibu, mama Zamda. Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Asante." Kijani papo hapo, kwa sauti ileile, kwa uhakika uleule wa jana.

Nikachukua jeli.

"Mwali wangu," akasema, "umeniona nikinywa kwa macho yako. Huniamini?"

"Nakuamini, somo."

Nikampima vilevile. Kilikuwa kimejaa, duara jeusi, utumbo uko juu. Nikatoka, mlango ukajifunga, nikapiga.

Ulipofunguka alikuwa ameshashuka bila kusubiri msaada, kanga mkononi, akanipiga kikumbo mlangoni bila hata samahani. Nilimsikia ukumbini akigonga mlango wa choo kwa ngumi, na aliyekuwa ndani akamjibu asubiri, na somo wangu, mwanamke aliyenifundisha adabu, akamtukania mama yake.